Gitaa Langu Lilipoitwa Muuaji

Nawasalimu nyote. Walio wa Bwana, sifa ni zake. Ndugu zetu Waislamu, amani iwe juu yenu. Wazee wangu wa hapa Kibondo, mwakeye. Wengi mnanijua kwa sura tu, yule mama anayekaa nyuma karibu na mlango na kuondoka kabla ya chai. Dada mwenyekiti wa kikundi chetu amekuwa akiniambia nisimame niseme yangu, nami nikimjibu wiki ijayo, wiki ijayo. Leo amekaa yeye mlangoni. Haya, nimeshindwa, nasema.

Nimekuja na gitaa, mnaliona. Sitataja jina la mtu hata mmoja katika maneno yangu, wala la kijiji. Wenyewe wapo, wanaishi, na wengine wana watoto wanaosoma na watoto wenu. Ila kila nitakachosema kilinipata mimi.

Mimi naimba peke yangu. Sina bendi, sina spika, sina mpiga ngoma. Ni gitaa kavu, sauti, na mguu wa kulia wa kugonga chini. Aliyenifundisha ni kaka yangu mkubwa, fundi baiskeli kule Kasulu, Mungu amrehemu. Uzi ukikatika tulifumua waya wa breki. Tukitaka kupandisha sauti tulifunga nusu ya penseli kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa tyubu. Mkono huu wa kulia unafanya kazi kwa vidole viwili, gumba na cha shahada; hivi vingine vinasindikiza tu.

Mwanzoni walinicheka. Mwanamke na gitaa, tena mwanamke mnene! Baadaye wakazoea, kisha wakaanza kunitafuta. Harusi, sendofu, ubatizo, kumuaga mwalimu aliyehamishwa. Nimepiga Titye, nimepiga Nyakitonto, nimefika mpaka Kakonko nikiwa nimelipakata hili gitaa nyuma ya pikipiki. Na nyimbo zenyewe nyingi zilikuwa kopi, yaani nyimbo za watu wengine, zile za dansi za zamani tulizozisikia redioni tukiwa watoto. Tungo zangu mwenyewe nilikuwa nazo, lakini nilizificha. Mtu aliyekuja kula pilau hataki kufundishwa wimbo mpya.

Sasa nawaeleza kopi iliyonilisha, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Ni wimbo wa mwanaume anayemwita mpenzi wake arudi nyumbani. Anamwita kwa jina, anamwita tena, kila kiitikio anamwita. Mimi nililitoa jina la yule mpenzi, nikawa naweka jina la mtu aliyepo pale ukumbini. Mnaijua desturi yetu. Mtu anainuka kitini, anakuja akicheza, anakutunza, kisha anainama na kukunong'oneza jina sikioni. Labda lake, labda la mkewe, labda la shemeji aliyetoka mbali. Wewe huachi kupiga. Unalipokea lile jina na kuliingiza kwenye wimbo, na mwenyewe akilisikia anaruka, na ukoo mzima unaruka naye. Mwimbaji asiyejua kushika majina, huku kwetu analala njaa. Mimi nilikuwa nashika hata majina ya watu kumi kwa mpigo, na nilijivunia hilo kuliko kupiga kwenyewe.

Siku moja kulikuwa na harusi kijijini kwetu. Akaja mama mmoja mtu mzima, amevaa kitenge kipya, akaninong'oneza jina la mwanawe wa kiume. Kijana wa bodaboda, kama miaka ishirini na kitu. Nikaliimba. Yule kijana akanyanyuka, akambeba mama yake juujuu mbele ya watu wote, mama anapiga kelele ashushwe, watu wanacheka mpaka machozi. Nilimrudia mara nyingi kuliko wengine kwa jinsi walivyopendeza wale wawili. Kabla mwezi haujaisha, yule kijana akafa. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa utelezi, lori likamgonga, ikawa basi. Nilikwenda msibani, nikalia kama wote.

Baada ya hapo nikaitwa kumuaga mwalimu mmoja, nikamtaja bibi mmoja mpenzi wa kucheza. Bibi wa watu alikuwa na presha tangu zamani, dawa anameza leo kesho anaacha. Naye akafariki. Halafu nikamtaja bwana mmoja kwenye ubatizo. Huyo hakufa, ila radi ikapiga ng'ombe wake. Ndugu zangu, nawaambia, radi za Kasulu mnazijua wenyewe, hazisubiri mtu aimbe. Lakini watu wakaanza kuunganisha. Huyu alimtaja, huyu alimtaja, na ng'ombe je? Mwenye ng'ombe si alimtaja!

Mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Nilichoona ni kwamba nafika harusini, naanza wimbo, hakuna anayekuja sikioni. Napiga wimbo mzima na kiitikio hakina jina, nabaki kuita "njoo, njoo" kwa hewa. Siku moja nikamwona mama mmoja anamziba mwanawe masikio. Nikadhani mtoto anaumwa. Nikamwambia, "Pole, mpeleke zahanati." Akaniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimewahi kuangaliwa nayo.

Lakini lililonifungua macho si hao walioniogopa. Ni aliyekuja kunipa kazi.

Alikuja asubuhi, mtu mzima mwenye heshima zake, ana mkungu wa ndizi begani. Nikamkaribisha. Nilikuwa nachagua maharage barazani, mama yangu mzazi yuko ndani, miguu yake ilikuwa imeshakataa kazi. Yule bwana akauliza habari za mama, habari za shamba, habari za mvua. Kisha akasogeza kigoda.

"Dada yangu, nasikia wewe ukimtaja mtu, hachelewi."

"Hachelewi nini, kaka?"

"Aa. Sisi wote hapa watu wazima."

Akanitajia jina la jirani yake, mtu waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba. Akasema, "Huna haja ya kusema neno jingine lolote. Mtaje tu kwenye ule wimbo wako. Hata hapahapa barazani, taratibu, mara moja inatosha."

Kwanza nilicheka. Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii, nikauweka ungo chini. Nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba watu wananiogopa. Sikujua kwamba wengine wananitamani.

Nikamwambia, "Kaka, beba ndizi zako uende."

Hakuondoka upesi. Akasimama pale akaniambia, "Basi kwa wale wengine walikutuma akina nani? Maana kama kwangu hutaki, kwao ulitaka." Akabeba mkungu wake.

Toka siku hiyo nikaacha kuimba. Gitaa nikalining'iniza juu kabisa, kwenye mbao za paa, nikalifunika na gunia. Nikajiambia nitalima, nitauza maharage, watu watasahau. Nikakosea tena. Nilipokuwa naimba walisema naua. Nilipoacha wakasema nimeshiba. Sokoni nilikuwa nikishika nyanya, muuzaji anasema, "Chukua tu, mama, nenda nayo." Hataki pesa yangu wala mkono wangu. Mnajua uchungu wa kupewa kitu bure na mtu anayetaka uondoke mbele yake? Nililia njiani na zile nyanya mkononi.

Ndipo wakaja wale watu wa kusafisha vijiji, tunaowaita kamchape. Ninyi wa huku mnawajua, na wengine humu ndani mlihama kwenu kwa sababu yao. Kwa walimu na manesi mliotoka mikoa mingine: hao ni watu wanaoitwa kuja kufichua wachawi. Wanakuja na filimbi na vibuyu, vijana wa kijiji wanawafuata, wanaingia nyumba hadi nyumba wanachimba, wanafukua, wakitoka na pembe au kitambaa wanakuonyesha: hiki chako. Ukikataa, umekubali. Ukikubali, umekwisha.

Nilikuwa shambani. Nikazisikia filimbi, nikajua. Sikuambiwa na mtu, nilijua tu. Nikatupa jembe nikakimbia, kwa sababu mama yangu alikuwa ndani peke yake na asingeweza kutoka bila kushikwa.

Nikaukuta uwanja wangu umejaa. Na waliojaa hawakuwa wageni. Ni watu niliowaimbia harusi zao! Yule niliimba akimwoa huyu, huyu niliimba akibatiza mtoto. Yule bwana wa mkungu wa ndizi alikuwa mbele, amesimama karibu na kiongozi wao. Kijana mmoja ameshika dumu la petroli. Mwenye kiberiti sikumwona, nami nilikuwa namtafuta kwa macho kuliko kitu chochote.

Kiongozi wao akaniuliza, "Kiko wapi chombo chako?"

Nikasema, "Gitaa liko juu. Nitalitoa mwenyewe. Naomba kwanza nimtoe mama yangu."

"Mama yako anakaa. Chombo kwanza."

Kijana akapanda, akalishusha na gunia lake. Kiongozi akalitikisa karibu na sikio lake. Likalia ndani: kacha kacha. Watu wakarudi nyuma. Akaligeuza juu chini, akalitikisa tena kwa nguvu, na kutoka kwenye lile tundu kikaanguka kipande cha penseli, na baada ya penseli ukamwagika udongo. Udongo mkavu, mwekundu, vipande vipande.

"Udongo wa kaburini!" akasema.

Jamani, ninyi ni watu wa hapa. Mnawajua nyigu. Acha kitu chenye tundu juu ya paa bila kuguswa uone kama hawatajenga vijumba vyao vya udongo ndani yake. Mimi mwenyewe, kwa kulificha lile gitaa, ndiye niliyewapa nyigu nyumba na hawa ushahidi. Nikapiga kelele, "Ni nyigu! Ni wa nyigu huo!" Hata mimi nilijisikia kama ninayesema uongo, kwa jinsi sauti ilivyonitoka. Likatupwa chini, nyuzi mbili zikakatika kwa mpigo.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Yule kijana wa bodaboda. Hukumjua vizuri. Jina lake ulipewa na nani?"

Nikatazama mlango wa nyumba yangu. Akaendelea:

"Kuna aliyekuletea. Unafanya kazi na nani? Sema, huyo ndiye tutakayemfuata, wewe tutakupa dawa unywe yaishe."

Mnaelewa nilipokuwa? Aliyenipa jina ni mama yake mwenyewe, sikioni, siku ya harusi, kwa furaha. Nikimtaja, wale watu wote wanahama uwanjani kwangu wanakwenda kwake, kwa mama aliyemzika mwanawe. Nisipomtaja, dumu liko hapa na mama yangu yuko ndani. Nilisikia akiniita, "We mwanangu, kuna nini huko?" Kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndugu zangu, nitawaambia ukweli kama ulivyo: lile jina lilinifika ulimini. Nililihisi. Sijui ni nini kilichonifunga mdomo, kama ni Mungu au ni woga wenyewe, lakini halikutoka.

Yule kijana akafungua mfuniko wa dumu. Nikaisikia harufu.

Hapo watu wa nyuma wakaanza kupishana. Alikuwa anakuja yule mama wa kijana wa bodaboda. Alisikia filimbi akiwa kwake akazifuata, na kitenge chake kilikuwa kilekile cha harusi, sasa kimefifia. Akapita katikati yao, akafika mbele, akaliangalia gitaa pale chini, akamwangalia yule kiongozi.

"Nimesikia mnauliza jina la mwanangu lilitoka wapi," akasema. "Lilitoka kwangu. Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye niliyempa hilo jina, na mimi ndiye niliyekwenda kulitia sikioni mwa huyu. Kama kutajwa kunaua, basi niliyemuua mwanangu ni mimi. Niambieni sasa hivi, mbele ya watu. Nimeua?"

Kiongozi akasema, "Mama, wewe una uchungu, kaa pembeni."

"Kukaa pembeni nimekaa sana. Sijalala tangu mlipoanza haya maneno yenu. Kila nikifumba macho najiuliza, ningekaa kitini siku ile, angekuwepo?" Akanigeukia. "Mwanangu, okota gitaa lako. Nitaje mimi."

Nikasema, "Mama, siwezi."

"Nitaje! Jina langu unalijua. Kama linaua, mimi niko tayari, nikamwone kijana wangu. Kama haliui, hawa watanyamaza, na mimi nitalala."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa petroli. Mimi niliyejua kwamba gitaa ni mbao na waya, nilianza kujiuliza: je, akianguka? Mtu mzima, amekimbia juani, moyo umechoka. Akianguka hapa, sitatoka hai, na mama yangu hatatoka. Nikaokota gitaa. Wimbo wa dansi usingewezekana kwa nyuzi nne. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye kopi nyingine, ndogo, niliyoichukua kwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akikaanga maandazi kwenye soko la kambi ya wakimbizi. Alikuwa akimbembeleza mwanawe mgongoni, Kiswahili chao kile: lala mutoto, mama iko njiani. Maneno ni hayo tu, yanarudiwa, na jina la mtoto linaingia katikati. Inataka nyuzi tatu.

Nikaimba. Sauti ilitoka mbovu, imepasuka. Nikafika mahali pa jina, nikaliweka jina la yule mama. Lala fulani, mama iko njiani. Nikamtazama kifua chake kama kinapanda. Kikapanda. Nikamtaja tena. Akaanza kujisukumasukuma kwa mabega, polepole, kama mtu anayebembeleza kitu kisichoonekana, machozi yanamtoka, na yeye anacheza. Nikamtaja tena na tena.

Kisha nikasikia kutoka dirishani, "Na mimi je? Mimi si mtu?" Mama yangu! Nikamtaja mama yangu. Akapiga kigelegele humo ndani, cha mtu asiyejua hata kidogo kilichokuwa nje. Mwalimu mmoja, mtu wa Pwani aliyepangiwa shule yetu, akasogea akasema mbele ya wote, "Nitaje na mimi, mama." Sauti inamtetemeka lakini akasema. Akaja jirani yangu muuza dagaa, wazazi wake walitoka Burundi, naye maisha yake yote anaambiwa mgeni. Huyo alikuwa na sababu nyingi za kukaa nyumbani siku kama ile. Akanisalimu kwa Kirundi cha wazazi wake, "Amahoro, dada. Nitaje, nitaje kwa nguvu." Nikamtaja.

Yule kiongozi akapuliza filimbi, akasema waende nyumba inayofuata. Wachache wakamfuata. Wengine wakabaki wamesimama, hawajui pa kuweka mikono. Mwenye dumu akalifunga. Polisi walikuja baadaye na mtendaji wa kijiji, wale watu wakiwa wameshaondoka, na sitasema kwamba kila kitu kilitengenezwa, maana hakikutengenezwa. Yule bwana wa ndizi hajaniambia pole mpaka leo.

Mkidhani niliruka kwa furaha, hamjui woga. Kazi ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu sasa yule mama ilimbidi aishi! Akikohoa, mimi nakimbilia kwake. Nikisikia ana mafua napeleka tangawizi, napeleka asali, naulizia amekula nini. Akanifukuza. "Wewe utaniua kwa kunichungulia," akasema. "Hamia kwa ndugu zako Kibondo, pumzika. Mimi nitakaa hapa waniangalie." Na kweli, jirani yangu aliniambia kwa simu kwamba kila siku ya gulio alikuwa akipita katikati ya soko, anakwenda mpaka mwisho na kurudi, hana cha kununua, anawasalimia watu mmoja mmoja: nipo, habari zenu, mimi nipo.

Nikaja huku Kibondo na mama yangu. Gitaa lilikaa uvunguni. Nilikuwa nikiligusa, nasikia harufu ya petroli. Nikaja kwenye kikundi hiki kwa sababu nesi mmoja hapa, yule pale anayejifanya anaangalia simu, aliniona namleta mama kliniki na akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na wewe unalala?" Fundi seremala wetu akaligundisha gitaa mahali lilipopasuka. Hamkunihimiza niseme. Mliniacha nikae mlangoni. Msidhani sikuliona hilo.

Nikaanza kutunga. Wimbo wangu mwenyewe, wa kwanza ambao sikuuficha. Ni wa yule kijana wa bodaboda, na jina lake limo. Uliniwia mgumu, kwa sababu kila nikifika kwenye jina mkono uliganda. Ulipokamilika nikapanda gari nikaenda kumpigia mama yake, mchana, jikoni kwake, mihogo iko motoni. Niliandika kwa heshima. Niliimba kwamba alikuwa kijana mpole, mtulivu, mtiifu, aliyependa kanisa.

Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni mzuri sana. Ni wa nani?"

Nikasema, "Mama, ni wa mwanao."

"Yoo! Mwanangu hakuwa mpole. Mwanangu alikuwa na kelele tangu tumboni. Pikipiki yake ikiingia kijijini kuku wanakimbia. Kanisani alikuwa analala, na anakoroma. Alikuwa ananibeba mbele za watu nikiwa sitaki." Akaligonga gitaa kwa kidole. "Usinibadilishie mtoto. Imba huyo wangu."

Tukakaa mpaka mihogo ikaungua. Yeye anasema, mimi naimba, yeye anasahihisha. Kuku wameingia, kukoroma kumeingia, na kiitikio ni yeye anamkaripia mwanawe amshushe chini. Mwishowe akapiga kofi gotini akasema, "Huyo. Ndiye huyo. Kaza sauti majirani wamsikie." Nikakaza. Usiku ule, aliniambia kesho yake, alilala mpaka kukapambazuka.

Basi, ninawashukuru. Namshukuru Mungu aliyenifunga mdomo pale niliposhindwa kuufunga mwenyewe. Nawashukuru waliotoa majina yao mbele ya dumu la petroli, maana kutoa jina siku ile hakukuwa mchezo. Ninawashukuru ninyi, na nesi wangu, na dada mwenyekiti aliyekalia mlango. Na kama ningepewa nafasi ya kuwaomba jambo moja, ni hili: mkisikia kijijini kwenu fulani amemuua fulani, kabla ya kuokota filimbi nendeni kwanza nyumbani kwa mfiwa. Kaeni chini, mkae naye, mumwulize habari za mtu wake. Sisi tulikwenda kwa kila mtu isipokuwa kwake, na ndiye aliyekuwa akiumia kuliko wote.

Nimemaliza maneno. Mama wa yule kijana hakuweza kuja, anavuna maharage, na ni mzima wa afya. Ila aliniruhusu niwaimbie wimbo wa mwanawe, kwa sharti. Kwa hiyo wenye watoto wachanga mniwie radhi, na dada, hebu nifungulie hayo madirisha yote. Alisema nikithubutu kuuimba kwa sauti ya chini, atakuja mwenyewe kunikaripia.